Bwana Tang wa Sanduku la Posta 44

Jumanne, 2 Januari 1990

Shajara mpya, jalada jekundu. Humu nitaandika ukweli mtupu, kwa sababu nje ya humu nadhani wiki hii sitauweza.

Agizo la Osaka limefika! Redio elfu sita, zile ndogo za mkononi. Kontena linaondoka bandari ya Keelung tarehe 20, wiki moja kabla ya Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi. Baba ameisoma barua mara mbili, akaikunja, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kwamba tukilikosa hili anafunga karakana. Anawaaga watu wote kumi na mmoja na kuvuka mlango-bahari kutoka kisiwa chetu kwenda bara, mji wa Dongguan, waliko mabosi wenzake wote. Kule kuna ardhi, kuna mikono, na Jumapili wanakula pamoja. Halafu akaomba chai.

Kichochoro chetu hapa Sanchong kilikuwa na karakana kumi na tisa za redio. Nilizihesabu nikiwa darasa la tatu. Saa kumi alasiri zote zilijaribu redio zao kwa wakati mmoja, kila moja na stesheni yake: opera, bei za samaki, sala, wimbo wa mapenzi, mtu anafundisha Kijapani. Nilikuwa natoka shule napita katikati ya kelele ile polepole, kama mtu anayenyeshewa na mvua ya joto. Leo saa kumi nimesimama mlangoni. Redio mbili tu. Yetu, na ya akina Hsieh upande wa pili.

Akina Hsieh! Mzee wao miguu haimsaidii tena, kwa hiyo karakana inaendeshwa na binti yake, Pei-lan. Tulikaa dawati moja. Yeye aliacha shule ana miaka kumi na tano. Mimi nina shahada ya uongozi wa viwanda. Yeye ana pikipiki.

Tatizo ni swichi. Redio yetu ina vipande themanini na kimoja, na themanini viko tayari ghalani. Kilichobaki ni swichi ya sauti, ile ya kuzungusha, inayowasha redio kwa mlio. Tik. Si tak, wala si krrk. Tik, kama mtu anayefunga kisanduku cha pete. Ndani mna kiulimi cha shaba ambacho hukatwa na kukunjwa na mtu mmoja tu, Mzee Ou, kando ya mto, na wateja wa Osaka wanaitaka tik hiyo hiyo. Mzee Ou amebaki na mkewe na mashine moja. Kwa siku wanatoa mia tano. Sisi tunataka elfu sita. Akina Hsieh, nasikia, elfu tano. Hesabu ya mtoto: mmoja wetu atakosa.

Nimefungua daftari langu la chuo. Faida ya ushindani ni kile ulicho nacho wewe ambacho mwenzako hawezi kukipata. Nimepiga mstari chini yake. Ulikuwepo mmoja tayari.

Dirishani: Pei-lan anaelekea kwa Mzee Ou, sufuria imefungwa kamba nyuma ya pikipiki. Rushwa!

Jumatano, 3 Januari

Bwana Tang amezaliwa leo saa tatu asubuhi, kwenye foleni ya posta.

Mpango ni huu. Kampuni kubwa kutoka Taichung inaagiza swichi elfu nane kwa Mzee Ou. Mzee Ou anazidiwa, inambidi kumsukuma mteja mmoja nyuma. Sisi tulikuwa wateja wake kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo atakayesukumwa ni Pei-lan. Mwishoni Bwana Tang anaghairi, swichi zinabaki, sisi tunazichukua. Nimekaa nikauangalia mpango huu pande zote. Hauna tundu.

Nilihitaji anwani. Posta ilikuwa na sanduku moja tu lililo wazi, namba 44. Karani akaniuliza kama nina hakika. Kisha akaniuliza tena, taratibu, kama anayesema na mgonjwa. Najua kwamba vinywani mwetu nne na kifo ni karibu neno moja. Najua hospitali zetu hazina chumba namba nne. Lakini mimi ni mtu wa elimu! Nikasema nina hakika. Akausukuma ufunguo kwangu kwa ncha ya kidole.

Nilimpigia Mzee Ou simu nikiwa ofisini, Baba akiwa ghalani. Nikabana pua, nikateremsha sauti hadi kifuani, nikasema lugha ya shuleni, maana Mzee Ou ananijua kwa lugha ya nyumbani tu. Akamuuliza Bwana Tang kama ameshakula. Bwana Tang akasema ameshakula, akaagiza elfu nane, akataja sanduku lake la posta. Mkono mmoja ulikuwa umebana pua na simu nimeiegemeza begani, kwa hiyo mkono wa pili ukaikamata redio ya marehemu Bibi iliyo juu ya meza, nikawa naizungusha swichi yake, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ili nitulie, kama nifanyavyo tangu utotoni.

Kimya upande wa pili. Kirefu. Nikadhani ameshituka. Halafu akasema kwa heshima kubwa kwamba ni furaha isiyo na kifani kumpata mteja kama Bwana Tang. Furaha yenyewe ilimfanya akohoe kwa muda mrefu.

Nimefaulu!

Alhamisi, 4 Januari

Balaa.

Nimekwenda kwa Mzee Ou kwa sura yangu mwenyewe, kuuliza swichi zetu kwa upole. Kule hakujabadilika: harufu ya mafuta ya mashine na shaba iliyokatwa, kalenda ya hekalu, paka juu ya pipa. Bibi alikuwa ananileta hapa nikiwa na miaka mitano. Mzee Ou alinipa bakuli la vile viulimi, nichague vilivyopinda, na nikimaliza napewa peremende ya karanga. Leo nimesimama mahali pale pale, na peremende sikupewa.

Mzee Ou alisikitika sana. Akasema amepata mgeni mkubwa, Bwana Tang wa Taichung, na mgeni huandaliwa kwanza, wa nyumbani wakasubiri. Nikauliza wa nyumbani ni nani. Akashangaa. Nyie, akasema, mwanangu, nani mwingine? Nikauliza kuhusu akina Hsieh. Ah, hao hawana shida, agizo lao limeshapangwa.

Limeshapangwa! Sufuria imefanya kazi!

Na Pei-lan mwenyewe alikuwepo, kaketi juu ya kreti pamoja na Mama Ou, wanamenya karanga. Akaniambia nimekonda. Akauliza, "Msomi, vitabu vyenyewe haviliwi?" Mama Ou akacheka hadi maganda yakamwagika. Nikasema nimekuja kikazi. Pei-lan akasema hata yeye, ndiyo maana anamenya.

Nimerudi kwa miguu. Nimeunda kampuni, na kampuni imetupora.

Jumamosi, 6 Januari

Swichi za akiba zimekwisha saa nne asubuhi. Mstari wa kazi umesimama. Shangazi A-kuei, mkuu wa mstari, ambaye si shangazi yangu wa damu ila amenipiga makofi kama shangazi, katoa sindano na uzi, anafuma sweta. Kufika saa sita karakana nzima inafuma.

Na wanaongea! Bwana Tang, Bwana Tang. A-kuei kasikia ana jengo la ghorofa tatu. Mwingine kasikia ana gari jeupe na mguu mmoja mfupi. Mwingine anasema ni mjane, anatafuta mke, ikawa wote wamegeuka kuniangalia. Nusu ya mambo haya sikuyabuni mimi. Ilinibidi niume ulimi nisiwasahihishe: Bwana Tang hana gari jeupe. Ni mtu wa kujinyima.

Baba kasikia. Alikwenda kwenye redio ya majaribio, akaizima katikati ya wimbo. Sijawahi kumwona akizima wimbo katikati. Hata siku ya mazishi ya Bibi alisubiri ubeti uishe.

Posta. Karani alinyanyua kitu juu ya kaunta kwa mikono miwili. Nanasi. Kubwa, lina utepe mwekundu na kadi: kwa Bwana Tang, pongezi za kufungua biashara, kutoka kwa Hsieh Pei-lan. Kwa lugha yetu ya nyumbani nanasi linatamkwa sawasawa na bahati inayokuja, ndiyo maana hupelekwa kwa maduka mapya. Mjanja! Bwana Tang hajamaliza wiki duniani na yeye keshaanza kujipendekeza kwake! Niliona wivu, sijui kwa niaba ya nani.

Ilinibidi kuharibu ushahidi. Nimelila lote nyuma ya tangi la maji, kwa kisu cha kukatia nyaya. Ulimi unawasha. Nilipoingia jikoni Mama, anayewapikia watu kumi na mmoja kila mchana na haachi kukoroga hata nyumba ikiungua, akasema bila kugeuka kwamba siku hizi upepo wa mtoni unanukia nanasi.

Jumapili, 7 Januari

Mapumziko. Mvua nyembamba. Nimekaa sebuleni peke yangu.

Karakana ilianzia hapa. Wakati ule serikali ilisema kila sebule iwe kiwanda, na ya kwetu ilitii mara moja. Meza ya kulia ilikuwa ya kulehemu. Tulikula magotini. Bibi alikaa kwenye kigoda chake cha miguu mitatu karibu na mlango, mguu mmoja umefungwa waya wa shaba, akichomeka vipande kwenye ubao bila kuangalia, macho yakiwa kwa wapita njia. Majirani waliingia kupiga soga na dakika mbili baadaye nao wanachomeka. Moshi wa risasi ya kulehemu ulikuwa na utamu fulani. Hadi leo nikisikia harufu ile nahisi njaa.

Redio ya kwanza kukamilika kila siku, Bibi alinipa mimi niiwashe. Tik. Akainamisha kichwa, akasikiliza mlio wenyewe, si wimbo. Alisema wimbo ni wa watu wa stesheni. Wa kwetu sisi ni ule mlio.

Nimekiangalia kigoda kwa muda. Kisha nimefungua daftari la chuo. Hakuna sura inayokihusu.

Jumatatu, 8 Januari

Sanduku 44 lilikuwa na barua. Niliujua mwandiko kabla sijaitoa. Mwandiko wa Baba, herufi kubwa zilizoshikana mikono kama watu wanaovuka barabara.

Nainakili hapa, maana asili yake ni mali ya Bwana Tang.

"Kwa Mheshimiwa Bwana Tang. Mimi ni mtu wa shule ndogo, nisamehe mwandiko. Nasikia umeingia kwenye kazi yetu kwa nguvu. Sikuombi uniachie swichi. Nakuomba uichukue karakana yangu, nzima, pamoja na watu wake. Wako kumi na mmoja, na mgeni kuliko wote ana miaka sita kazini. A-kuei anajua kiungo kibovu kwa kukinusa. Usimwekee mashine ya kupimia, atanuna. Saa kumi alasiri tunajaribu redio. Tafadhali isiwe saa nyingine, wazee wa mtaa hupangia chai yao hapo. Nina binti. Amesoma sana. Atakasirika kwanza. Usimkalishe mbali na dirisha. Akiwa anafikiri huzungusha swichi, tik tik tik. Wageni huudhika, lakini mtu huzoea, na ukishazoea ni vigumu kukaa bila kuisikia. Nilidhani miaka yote hii najenga kiwanda. Sasa naona nilikuwa napanua sebule ya mama yangu tu. Ni mimi, Liao, wa kichochoro cha saba."

Nimelia kwenye kaunta ya posta, mbele ya watu. Karani akasogeza kopo la gundi ili nipate pa kuweka kiwiko. Akanong'ona kwamba alinionya kuhusu 44.

Jumanne, 9 Januari

Bwana Tang amejibu. Kurasa nne, kwa taipureta ya maktaba.

Amekataa kununua. Ameeleza kwamba karakana ya namna hiyo haiuzwi, kwamba nguvu yake haimo kwenye mashine bali kwenye pua ya A-kuei na saa kumi ya wazee. Ameongeza vifungu viwili vya nadharia, kwa sababu ni msomi kidogo. Amesema mipango yake ya Taichung imebadilika ghafla, kwa hiyo swichi zote zilizokwisha kutengenezwa Mzee Ou azipeleke kwa akina Liao. Nakala kwa Mzee Ou. Mwishoni akamwambia Baba asithubutu kukitupa kile kigoda cha miguu mitatu.

Nilituma zote mbili. Nilikuwa nimefika darajani nilipokumbuka kwamba Baba hakutaja kigoda popote kwenye barua yake.

Nimekimbia kurudi. Karani kasema gari la barua limeondoka. Kasema pia, bila kuulizwa, kwamba sanduku namba 68 limepata nafasi. Hiyo ndiyo namba ya watu wanaotaka kuendelea kuishi.

Jumatano, 10 Januari

Zimefika! Mama Ou kazileta kwa mkokoteni wa baiskeli: makasha saba, swichi elfu tatu na mia tano, na ahadi ya nyingine kila jioni. Kwenye kila kasha limeandikwa TANG kwa rangi nyekundu. A-kuei kaficha sweta lake. Chuma cha kulehemia kikapata moto, moshi ukapanda, na saa kumi alasiri karakana yetu ikalia tena: tik, tik, tik, mstari mzima, kama mvua inayoanza kwenye bati.

Ushindi! Ninayo faida ya ushindani, ninayo mkononi, imeandikwa TANG.

Baba alisimama katikati ya mstari na barua ya kurasa nne mfukoni. Akasema kwamba mtu mwema kama Bwana Tang haachwi hivi hivi. Amemwalika kwenye chakula chetu cha kufunga mwaka, Ijumaa mchana. Ametuma telegramu sanduku 44.

Nimeacha kuandika kidogo.

Bwana Tang hawezi kuja. Bwana Tang hana miguu, hata ule mfupi!

Alhamisi, 11 Januari

Asubuhi: telegramu ya majibu. Bwana Tang anaumwa tumbo.

Mchana: Baba kasikitika, kasema basi atapikiwa uji.

Alasiri: telegramu ya pili. Ugonjwa unaambukiza.

Saa kumi: Baba kasema kiti chake kitawekwa hata hivyo, hata asipokuja, ili mahali pajue tulimtarajia.

Nilimwomba karani wa posta awe Bwana Tang kwa saa mbili, Ijumaa. Ana sura ya mkurugenzi. Alifikiri kwa heshima. Akasema yeye anaweza kuwa mtu yeyote ila mtu wa 44.

Ijumaa, 12 Januari

Naandika mikono ikiwa bado na mafuta ya kuku.

Meza za kazi ziliunganishwa, zikatandikwa magazeti. Wote kumi na mmoja, Mama, Baba, Mzee Ou na mkewe ambao huja kila mwaka, na Pei-lan, ambaye hakualikwa na mimi. Alileta sufuria. Nilifunua: tambi za mchele na chaza. Nilizila, kwa ajili ya uchunguzi. Kati yangu na yeye, kiti kitupu, bakuli na vijiti vya Bwana Tang.

Halafu Mama akaleta kuku. Mzima, na kichwa chake.

Kila mtu kwetu anakijua kichwa hicho. Siku ya kufunga mwaka bosi huweka sahani mezani, na mfanyakazi anayeelekewa na mdomo wa kuku asirudi baada ya sikukuu. Hasemi neno, kuku kasema. Mabosi wema humgeuzia mdomo ukutani au kwao wenyewe. Baba, miaka yote, hugeuzia kwake. Nikiwa mdogo nilidhani kuku anampenda.

Leo kaishika sahani kwa mikono miwili, akaanza kuizungusha. Taratibu. Mdomo ukapita kwake, haukusimama. Ukapita kwa A-kuei, ambaye miaka kumi na tisa ya kazi yote ilimtoka usoni. Ukapita kwa Mzee Ou, ambaye hata si wetu. Ukapita kwa Pei-lan. Ukanikaribia. Nikasema moyoni basi, haki yangu.

Ukasimama kwenye kiti kitupu.

Baba akakiinamia kiti. Akasema, Bwana Tang, tunakushukuru kwa siku zako tisa, ulijitahidi kwa namna yako, ila baada ya Mwaka Mpya usirudi.

A-kuei ndiye aliyelipuka kwanza, kicheko cha kulia. Kisha wote. Meza ilitikisika hadi kuku akageuka mwenyewe.

Walijua! Wote!

Mzee Ou akanieleza, akifuta machozi kwa kiganja. Kwamba siku ya kwanza, dakika ya kwanza, alisikia kwenye simu swichi yake mwenyewe. Tena swichi ya mwaka wa sabini na moja, kiulimi kirefu, alikuwa bado hajanunua mashine hii. Bwana Tang wa Taichung, ambaye hajawahi kununua kitu kwake, ana swichi yake mkononi, na anaizungusha mbele nyuma kama mjukuu wa marehemu! Alisema alikaribia kuanguka, kwa hiyo akakohoa. Kisha akaanza kazi. Makasha ya Tang yalikuwa ya kwetu tangu la kwanza. Yalikaa barazani siku nne yakimsubiri Bwana Tang aje kuyachukua, na yeye na Mama Ou walikuwa wakiulizana huyu mtoto atakuja lini.

Nikamgeukia Pei-lan. Nikasema kwa baridi kwamba agizo lake lilikuwa limeshapangwa. Limepangwa, akasema. Baada ya Mwaka Mpya. Mnunuzi wake wa Panama alichelewesha, na tarehe mbili ile, siku ya sufuria, alikwenda kumwambia Mzee Ou atangulie na ya kwetu. Ningeuliza. Ni hatua tisa kuvuka kichochoro.

Nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo. Ni swali zuri la kitaaluma. Aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini watu huvaa viatu.

"Msomi, nyie mkifunga, Mzee Ou anabaki na mimi peke yangu. Kwa mteja mmoja haamki asubuhi kuwasha mashine ile. Anafunga na yeye. Halafu mimi swichi nitaitoa wapi, puani kwako?"

Mama akasema pua iliyobanwa kwenye simu siku ile pengine inafaa. Wakaanza tena kucheka.

Baba akangoja ubeti uishe. Kisha akasema lake. Atakwenda bara mwezi wa tatu, kuangalia tu, kwa kuwa mtu lazima aangalie. Lakini karakana haifungi. Mwaka mmoja. Mwaka mmoja niishike mimi, mimi na Pei-lan tugawane zamu za Mzee Ou kwa kuongea, kwa mdomo, kwa kuvuka kichochoro. Ikishindikana, basi imeshindikana na sisi tupo tumeangalia. Akachukua paja la kuku, akaliweka kwenye bakuli la Bwana Tang, akatulia kidogo kwa heshima, akalihamishia kwenye langu.

Nilitaka kumuuliza kuhusu ile barua. Kama aliiandika akijua nani ataisoma. Nilitazama chini. Alikuwa anakipapasa kigoda cha Bibi chini ya meza kwa mguu, kile cha miguu mitatu. Sikuuliza.

Jumatatu, 22 Januari

Kontena liliondoka Jumamosi. Redio elfu sita. Tulisimama Keelung na miavuli. A-kuei alisema amesahau sweta ndani ya kasha moja na kwamba kuna mtu Osaka atakuwa na bahati.

Siku kumi nimekuwa mtu mpya. Nimevuka kichochoro mara saba. Nimemenya karanga. Nimekiri hapa, kwa maandishi, kwamba mshindani ananiwekea hai fundi wangu, na mimi namwekea wake. Nimeliandika kwenye daftari la chuo, pembeni, kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa natulia kabisa.

Kisha leo asubuhi nimemwona Pei-lan akielekea mtoni. Na sufuria mbili.

Mbili! Ya pili ya nini?

Bwana Tang, masikini, alifariki kwa lile tumbo. Lakini alimwacha mjane. Mwanamke imara, wa Tainan, anakusudia kuiendeleza kampuni, na anahitaji swichi elfu tatu baada ya sikukuu, kwa tahadhari tu. Makosa ya mwanzo nimeyachambua moja moja. Sanduku 44 ndilo lililoniponza, kwa hiyo nimelirudisha na kuchukua namba 14, ambayo kwa ajabu ilikuwa wazi. Karani alifunika uso. Sauti safari hii ni nyembamba. Na redio ya Bibi niliisogeza mbali, mwisho wa meza, nisiiguse.

Nimepiga saa tano. Mzee Ou akampa Bibi Tang pole nyingi, akamuuliza kama ameshakula. Akasikiliza agizo lote. Halafu akasema simu ya leo ina ukimya, hajui kwa nini, haimkai sikioni. Akauliza kama kwa bahati Bibi Tang hana hapo karibu redio yoyote ya zamani, aizungushe kidogo. Yeye ni mzee, anapenda kuisikia.

Ningefanyaje? Alikuwa amefiwa na mteja.

Nikanyoosha mkono hadi mwisho wa meza.

Tik.

Akakohoa kwa muda mrefu sana, akasema elfu tatu zitakuwa tayari.

Hajashuku kitu.